Hiroshima: ushauri kwa wanaoanza midahalo ya historia

Ukijiunga na midahalo ya historia ya dunia, haitapita muda mrefu kabla hujapewa mada hii: je, Marekani ilikuwa na haki ya kudondosha bomu la atomiki Hiroshima? Nimekaa kwenye meza ya majaji mara nyingi mada hii ikijadiliwa, na wageni karibu wote huteleza palepale. Wanajibu maswali mawili kwa mkupuo mmoja.

Swali la kwanza ni la sababu: kwa nini Japani ilisalimu amri Agosti 1945? La pili ni la haki: ilikuwa halali kuua raia wa mji mzima ili vita viishe? Anayeunga mkono akishathibitisha kwamba bomu ndilo lililomaliza vita, anakaa chini akiamini kazi imekwisha. Anayepinga, kwa kuwa bomu linamchukiza, anakazana kuonyesha kwamba halikuchangia lolote. Wote wawili wamekosea njia. Bomu linaweza kuwa ndilo lililomaliza vita na bado likabaki kuwa uovu. Linaweza pia kuwa halikuwa sababu kuu, na bado tukawahukumu kwa upole walioliamuru, kwa kuangalia waliyoyajua siku ile. Tenganisha maswali haya kwenye daftari lako kabla hujasimama kuzungumza.

Kwenye sababu, anza na tarehe. Tamko la Potsdam, ambamo Marekani na washirika wake waliitaka Japani isalimu amri, lilitolewa 26 Julai 1945. Hiroshima ilipigwa 6 Agosti. Tarehe 8 Umoja wa Kisovieti ukatangaza vita dhidi ya Japani, na tarehe 9 majeshi yake yakawa yameingia Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililokuwa chini ya Japani. Asubuhi hiyohiyo viongozi sita wa Baraza Kuu la Vita walikuwa wamekaa Tokyo, na wakiwa bado kikaoni zikawafikia habari kwamba bomu la pili limepiga Nagasaki. Hata hapo waligawanyika watatu kwa watatu. Kundi moja lilitaka sharti moja tu la kusalimu amri, nafasi ya Mfalme ilindwe. Jingine liliongeza masharti: Wajapani wajipokonye silaha wenyewe, wawashtaki wahalifu wao wenyewe, na nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni. Ilibidi Mfalme Hirohito mwenyewe aamue, usiku wa kuamkia tarehe 10.

Sasa soma maneno ya Hirohito mwenyewe, maana hapa ndipo mchezo wote ulipo. Katika hotuba iliyosikika redioni 15 Agosti, alitaja bomu jipya la kikatili mno. Wasovieti hakuwataja. Siku mbili baadaye, 17 Agosti, alitoa tamko jingine kwa wanajeshi wake, na humo alitaja kuingia vitani kwa Wasovieti bila kulitaja bomu. Mtu yuleyule, wiki ileile, sababu mbili. Mgeni huchagua tamko linalomfaa na kulifunika lile la pili, kisha mpinzani mwenye kusoma anasimama na kulifunua mbele ya ukumbi. Nawasihi, leteni yote mawili, halafu mjiulize kila moja lilimlenga nani. Wananchi walikuwa wanaishi kwenye miji iliyoungua. Wanajeshi wengi walikuwa bado China na Manchuria wakiwa na bunduki mikononi, na iliwabidi wakubali kuziweka chini.

Mimi naegemea kwa wale wanaolipa pigo la Wasovieti uzito mkubwa. Mwezi Julai, Waziri wa Mambo ya Nje Togo alikuwa akimwagiza balozi wake Moscow atafute usuluhishi wa Wasovieti, na tarehe 8 Agosti mlango huo ukafungwa. Lakini mapigo yote yaliangukia ndani ya siku chache, na anayekuambia kwa uhakika kamili kwamba ni moja tu lililotosha, mbane aonyeshe ushahidi.

Kuna takwimu moja nitaikemea daima. Mtasikia kwamba bomu liliokoa Wamarekani milioni moja waliokuwa wafe. Chanzo mashuhuri cha milioni hiyo ni makala ya jarida ya Februari 1947 iliyoandikwa na Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita. Yeye alizungumzia hasara ya zaidi ya milioni moja kwa majeshi ya Marekani, na hasara katika lugha ya kijeshi ni waliokufa pamoja na majeruhi. Aliandika baada ya vita, wakati ukosoaji wa bomu ulikuwa umeanza kusikika. Takwimu isiyo na mwandishi wala mwaka haifai kuingia kwenye hoja yako.

Kwenye haki, usianzie 6 Agosti. Usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani ziliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto, na watu wapatao 100,000 wakafa. Kama kuua raia kwa makusudi ni kosa, kosa lilikuwa limeshaanza miezi mitano kabla. Anayepinga bomu la atomiki peke yake sharti aeleze linatofautianaje na moto wa Tokyo. Anayeliunga mkono naye aeleze kwa nini Rais Truman wa Marekani aliandika kwenye shajara yake, 25 Julai, kwamba shabaha iwe ya kijeshi, si wanawake na watoto.

Wahesabuni pia wasiotajwa: Wachina na watu wa Asia ya Kusini-Mashariki waliokuwa wakifa chini ya utawala wa kijeshi wa Japani kila siku vita vilivyoendelea, na maelfu ya Wakorea waliokuwemo ndani ya Hiroshima, wengi wao wamepelekwa Japani kwa lazima. Na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tusikae kando ya mada hii. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, nchini Kongo. Mradi ulikuwa siri, na wachimbaji wa Kikongo hawakuambiwa madini yanaenda kufanya nini. Wajibu wa kampuni ya Kibelgiji iliyoyauza ni hoja ambayo ningependa kuisikia mara nyingi zaidi.

Mwisho, msiichanganye Nagasaki na Hiroshima. Amri ya kijeshi ya 25 Julai ya kudondosha bomu iliruhusu mabomu mengine yadondoshwe kadiri yanavyokuwa tayari, kwa hiyo bomu la pili halikusubiri uamuzi mpya wa Truman. Ni tarehe 10 Agosti ndipo alipoagiza lisidondoshwe jingine bila idhini yake. Kati ya bomu la kwanza na la pili kulikuwa na siku tatu, na Tokyo ilikuwa bado inachunguza kilichotokea Hiroshima. Ombeni Nagasaki ipewe mdahalo wake peke yake.