Nimefuta kontena, mauzo ya duka yamekwenda na maji?

SWALI: Shikamoo shangazi. Namsaidia mjomba kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, barabara ya 12. Mwezi wa tatu niliweka mfumo wa mauzo kwenye laptopu ya dukani. Hifadhidata yake ni MySQL, nikaiendesha kwa Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya chumba chake kilichotengwa, kiitwacho kontena. Amri niliinakili mtandaoni:

`docker run -d --name daftari -e MYSQL_ROOT_PASSWORD=siri -p 3306:3306 mysql:8.4`

Juzi umeme ulikatika, laptopu ikazima kwa sababu betri yake imechoka. Uliporudi nikaandika `docker ps`, orodha tupu. Nikarudia amri ileile, ikagoma, eti jina limeshatumika. Nikaandika `docker rm daftari`, nikarudia tena, ikakubali. Lakini mauzo yote hayaonekani. Mjomba hajajua bado. Nifanyeje?
*Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, na usiandike amri yoyote yenye neno `prune`, maana hiyo hufuta vitu visivyotumika. Yapo matumaini makubwa kwamba mauzo ya mjomba wako yamo humohumo kwenye laptopu, mazima.

Walioitengeneza imeji ya MySQL, yaani kifurushi ambacho kontena hutengenezwa kwacho, wameiagiza Docker kwamba folda ya `/var/lib/mysql`, ambamo data zote hukaa, isiwe sehemu ya kontena lenyewe. Usipotaja pa kuiweka, Docker hutenga hifadhi pembeni (yenyewe huiita `volume`) na kuipa jina refu la herufi na tarakimu 64. Ulipolifuta kontena, hifadhi ile haikufutika. Imebaki yatima, haina kontena linaloitumia. Kontena lako jipya likapewa hifadhi yake mpya, na huo utupu unaouona ni wa hifadhi mpya. Ingekuwa umeanzisha kontena kwa `--rm`, au umelifuta kwa `docker rm -v`, ningekupa pole. Kwa ulivyoeleza, hukufanya hivyo.

Sasa andika:

`docker volume ls -f dangling=true`

Hapo utaletewa hifadhi zisizotumiwa na kontena lolote. Kama hujafanya majaribio mengi, utakuta moja tu. Zikiwa kadhaa, `docker system df -v` itakuonyesha ukubwa wa kila moja, na ya miezi mingi ya mauzo kwa kawaida ndiyo nzito.

Ukishaipata usiiguse moja kwa moja. Tengeneza hifadhi mpya yenye jina linalosomeka, kisha unakili:

`docker volume create mauzo`

`docker run --rm -v JINA_REFU:/toka:ro -v mauzo:/nenda alpine cp -a /toka/. /nenda/`

Badala ya JINA_REFU weka lile jina la herufi 64. Hizo `ro` ndizo zinazokulinda: zinaifanya hifadhi ya zamani isomeke tu, isiandikwe. Ukikosea, ya zamani bado iko vilevile. Alpine ni imeji ndogo sana, megabaiti chache, haitakula bando lako.

Baada ya hapo `docker stop daftari`, halafu `docker rm daftari`. Hili jipya halina cha kupoteza, ila kama mmeshaingiza mauzo ya jana na leo, yaandikeni kwanza kwenye karatasi. Kisha:

`docker run -d --name daftari --restart unless-stopped -p 127.0.0.1:3306:3306 -v mauzo:/var/lib/mysql mysql:8.4`

Nywila sikuiandika kwa makusudi. MySQL ikikuta data zimeshakuwapo hutumia nywila ya zamani iliyomo ndani, hata ukiipa nyingine haiisikilizi. Toleo nalo liwe lilelile, 8.4, kwa sababu MySQL haikubali data zake zifunguliwe na toleo la nyuma. Ile `127.0.0.1` inaufunga mlango wa hifadhidata kwa nje, ifikiwe na programu za laptopu hiyo peke yake. Amri uliyoinakili iliuacha wazi kwa kila aliye kwenye mtandao mmoja na nyinyi.

Fuatilia kwa `docker logs -f daftari` mpaka uone maneno `ready for connections`. Itachukua muda kidogo, kwani umeme ulipokatika MySQL haikuaga, na sasa inajirekebisha kwanza. Ukibonyeza Ctrl na C unatoka kwenye kumbukumbu tu, kontena linaendelea.

Sasa nikuambie ulipopotelea, maana vijana wengi wanaoniandikia wanapotelea hapohapo. `docker ps` huonyesha makontena yanayofanya kazi wakati huo tu. Lako lilikuwa limezimika, halijafa. Ungeandika `docker ps -a` ungeliona, limeandikwa `Exited`, na `docker start daftari` ingeliamsha na kila kitu chake. Imeji ni kalibu, kontena ni tofali. `run` inafyatua tofali jipya kutoka kwenye kalibu, `start` inaliinua lile ulilonalo. Ulipoandika `run` mara ya pili uliomba tofali jipya, ndiyo maana ulipewa jeupe, halina alama hata moja ya kazi yenu.

Hiyo `--restart unless-stopped` niliyoiongeza italiamsha kontena lenyewe umeme ukirudi, alimradi Docker nayo inawaka pamoja na kompyuta. Kwenye Linux ni `sudo systemctl enable docker`, mara moja tu.

Nimeanza na `prune` kwa sababu inaniuma mpaka leo. Nilikuwa natunza mfumo wa ofisi moja hapa mjini, diski imejaa, nikaandika `docker volume prune` bila kutazama orodha, nikabonyeza y. Siku arobaini za stakabadhi ziliondoka kwa sekunde moja. Tuliziingiza upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, mimi na binti yangu, wikiendi mbili sebuleni Chumbageni: yeye anasoma namba kwa sauti, mimi naandika. Tokea siku hiyo kila jioni kabla ya kufunga naandika hii, nawe iandike:

`docker exec daftari mysqldump -uroot -psiri --all-databases > mauzo.sql`

Faili hilo liweke kwenye flashi, na flashi isilale dukani. Hifadhi yenye jina zuri inakulinda na `docker rm`. Haikulindi na laptopu kuibiwa wala kumwagiwa chai.

Na mjomba mwambie leo. Mwambie umekosea nini na unarekebisha vipi. Duka ni lake, ana haki ya kujua kabla hajauliza mwenyewe.

SWALI: Shangazi, tuko watatu Muheza tunajifunza Docker. Kila mmoja anavuta imeji zilezile, bando linaisha kabla ya somo. Kuna njia?
*Wanafunzi watatu, Muheza*

JIBU: Ipo wanangu. Mmoja wenu avute, kisha aandike `docker save -o mysql.tar mysql:8.4`. Faili hilo mpeane kwa flashi, na kwa mwenzake iwe `docker load -i mysql.tar`. Bando halitumiki kabisa. Msichanganye `save` na `export`: ya pili hutoa mafaili ya kontena matupu, bila maagizo ya namna ya kuliwasha.

Angalieni aina ya kompyuta zenu. Imeji iliyovutwa kwenye Mac yenye chipu ya Apple kwa kawaida haitaenda kwenye laptopu ya Intel, kwa hiyo avute mwenye kompyuta inayofanana na za wenzake. Na msikimbilie `docker system prune -a` mnapotafuta nafasi, inafuta kila imeji isiyo na kontena, na mtazinunua upya kwa bando. Futeni moja moja kwa `docker rmi`. Kama flashi yenu ni ya FAT32, haipokei faili moja linalofikia GB 4, basi imeji kubwa zitawalazimu kuiformati exFAT kwanza.