Kabla Hujamjibu Anayekuita Bendi

Ukishajisajili chuoni na kupata chumba, haitachukua muda kabla mtu hajakusikia ukipapasa gitaa hosteli akakuuliza kama ungependa kuingia bendi. Au utaliona tangazo lenyewe kwenye ubao wa mesi: anatafutwa mpiga besi. Huwa ni besi, lile gitaa la sauti nzito. Wapiga solo wamejaa Nairobi, na kila kanisa kuanzia Kayole hadi Kawangware lina vijana wake wa kibodi, lakini besi mara nyingi haina mwenyewe. Utafurahi kuitwa na utataka kukubali papo hapo. Usijibu siku hiyo.

Nawaandikia hasa mnaosoma huku mkifanya kazi: unayeshika zamu katika kituo cha kupokea simu, unayesimamia kibanda cha M-Pesa pale Kahawa Wendani, unayefundisha watoto wa watu tuisheni Kilimani kila Jumamosi. Mwenye masomo peke yake ana nafasi ya kujaribu na kuacha. Wewe huna nafasi hiyo, au unayo kidogo. Mimi nilipiga besi chuoni nikiwa na kazi, na baadaye nikawa miongoni mwa waliokuwa wakiwasikiliza waombaji na kuamua nani aingie, kwa hiyo mambo haya nimeyaona kutoka pande zote mbili.

Wengi huuliza, "Nitapata muda?" Muda utapatikana. Mtu akipenda kitu huukata usingizi wake akaupata. Jiulize badala yake saa zako anazipanga nani. Ukikosa mhadhara, hasara ni yako; jioni utaomba notisi kwa jirani na mambo yataisha. Ukikosa mazoezi ya bendi, watu wanne wamekaa bure, na mmoja wao amepanda matatu mbili kutoka Rongai. Bila besi na ngoma hakuna wimbo unaoweza kupigwa mpaka ukaiva. Mtakachofanya ni kupiga soga na kuahirisha, na ukikosa mara mbili tatu wataanza kukusema, nao watakuwa na haki.

Kwa hiyo katika kupima saa zako anza na kazi, ndipo masomo. Ratiba ya vipindi utapewa mwanzoni mwa muhula na haitabadilika sana. Kazi ndiyo yenye hila. Kama saa zako zinajulikana, hata ziwe nyingi, bendi inaweza kujipanga kuzizunguka: wakijua huwezi Jumanne na Alhamisi, mazoezi yatakuwa Jumatano. Lakini kama rota hubandikwa ukutani Jumapili jioni na msimamizi anaweza kukuhamishia usiku kwa ujumbe mmoja wa simu, ushauri wangu ni kukataa, hata kama unapiga vizuri kuliko wote waliokuja. Nimeona wapigaji hodari wakishindwa kwa sababu hiyo tu, na wa kawaida wenye Jumatano zao wakidumu hadi mahafali.

Wanaosoma jioni wana shida yao. Vipindi vyao aghalabu huanza saa kumi na moja na nusu na kwisha kama saa mbili na nusu usiku, saa zile zile ambazo bendi nyingi za wanafunzi hukutana. Kama uko kundi hilo, tafuta bendi ya Jumapili alasiri, au kaa na kanisa lako.

Kisha ujue kwamba mazoezi ya saa mbili katika mji huu hayachukui saa mbili. Kuna kumtafuta mwenye ufunguo wa chumba, kuunganisha kebo, kugundua kwamba moja haifanyi kazi, kumsubiri mwimbaji. (Mwimbaji huwa wa mwisho kufika, sijui kwa nini.) Halafu kuna kurudi nyumbani. Thika Road ilipanuliwa ikafunguliwa mwaka 2012, lakini upana wake haukufai kitu ukiwa ungali Ngara saa tatu usiku, mvua inanyesha, nauli imepanda, na makanga anataka ulipie kiti cha gitaa. Bodaboda itakuita. Shingo ya gitaa hutokeza juu ya bega lako, na vioo vya matatu havina huruma. Anayeishi mbali na chuo aache ala yake chuoni kama kuna kabati lenye kufuli, au apige ya chuo na afanye mazoezi ya nyumbani kwa gitaa kuukuu la bei rahisi. Ndiyo sababu, unapopiga hesabu, mazoezi mawili kwa wiki uyahesabu kuwa jioni mbili nzima. Usitarajie kusoma usiku huo. Ukirudi saa nne unachotaka ni chai na kitanda.

Bendi zenyewe si za namna moja, na hapa wengi hukosea kwa kuangalia nyimbo badala ya kuangalia nani anaiendesha. Ipo bendi ya chuo rasmi, iliyo chini ya ofisi ya wanafunzi au idara ya muziki. Ala ni za chuo, mwalimu yupo, mnapiga kwenye mahafali na wageni wakija, na pengine mnapelekwa mashindano kama Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927 na lina vitengo vya vyuo pia. Nyimbo zitakuchosha. Utapiga wimbo wa taifa na nyimbo za kumkaribisha mgeni wa heshima mpaka uote usingizini. Lakini mwalimu huyo anaajiriwa na chuo kile kile kinachokupa mtihani, kwa hiyo mitihani ikikaribia husimamisha mazoezi bila kuombwa, na ukiwa safarini na bendi unaweza kupata barua ya kumwonyesha mhadhiri.

Ipo pia bendi ya vijana wenyewe, iliyoanzia hosteli na sasa inatafuta shoo mjini. Hii ndiyo tamu. Mtapiga benga, mtapiga rumba, mtapiga nyimbo zenu, na kwenye benga mpiga besi hakai nyuma akitia chumvi tu. Besi inatembea, inabishana na solo, na ukizoea hapo huna hamu tena ya kupiga noti moja kwa kila kordi. Lakini bendi hii haijui kalenda ya chuo. Muhula wa Septemba huishia Desemba, na Desemba ndiyo wakati wa harusi na sherehe za kampuni. Wiki ambayo mnapata simu nyingi zaidi ndiyo wiki unayotakiwa uwe kwenye chumba cha mtihani. Katika vyuo vingi majaribio ya katikati ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Mwanabendi huyakosa majaribio akijiambia ni 30 tu, kisha anaingia mtihani wa mwisho akitakiwa kupata karibu kila kitu. Hivyo ndivyo watu wanavyopata sapu, yaani mtihani wa kurudia, na sapu nayo hufanywa wakati ambao ungekuwa kazini.

Kwa mwaka wa kwanza ningechagua bendi ya chuo, pamoja na uchovu wake wote. Jifunze kwanza mwendo wa muhula mmoja. Ile ya hosteli haitakimbia, na ikikimbia itazaliwa nyingine.

Sasa pesa. Utaambiwa bendi italipa karo. Chukua kalamu. Tuseme harusi imelipa shilingi 40,000. Toa 15,000 za kukodi spika na mikseri. Toa 5,000 za gari la kubeba vyombo na kuwarudisha watu usiku. Zimebaki 20,000 kwa watu watano, yaani 4,000 kila mmoja, kwa Jumamosi nzima pamoja na mazoezi yote yaliyotangulia. Toa pia ulichokosa kule tuisheni siku hiyo. Na hiyo ni harusi iliyolipa, ziko za "tutawatumia Jumatatu." Ukiingia kwa ajili ya pesa utatoka na hasira. Hata Sauti Sol, walioanza Nairobi mwaka 2005, albamu yao ya kwanza ilitoka 2008. Miaka mitatu ni karibu shahada nzima, na hao ndio waliofaulu. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi, nao usiuguse kununua amplifaya. Hela ile huchelewa kuja na huisha mapema, na hakuna mwenye nyumba anayepokea amplifaya badala ya kodi.

Kama mnatunga nyimbo zenu, andikeni siku ile ile nani ametunga nini, kwenye daftari au ujumbe wa simu ambao wote wameuona. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na urafiki wa mwaka wa pili haudumu hivyo. Jambo hili huonekana dogo mpaka wimbo uchezwe redioni.

Linda masikio yako pia. Vyumba vya mazoezi huwa vidogo, mara nyingine vya mabati, na ngoma iko hatua mbili kutoka kichwani mwako. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba sikio linaweza kustahimili desibeli 85 kwa saa nane. Zikifika 100 ni kama dakika 15 tu. Nunua vizibo vya masikio. Wenzako watakucheka wiki ya kwanza.

Hujawahi kupiga kabisa na unataka kujifunza ukiwa ndani ya bendi, huku unafanya kazi? Hapana. Jifunze kwanza kanisani, au Kenya Conservatoire of Music, ambayo imekuwa ikifundisha Nairobi tangu 1944, kisha urudi mwaka wa pili. Bendi hufundisha kusikilizana. Mahali pa kuweka vidole ujifunze kwingine. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, ile ya do-re-mi, na aliyetoka huko ana sikio tayari, kwa hiyo usijidharau kwa kuwa hujui kusoma noti za mistari mitano. Wengi hapa hawajui.

Pengine unauliza basi faida iko wapi. Ipo, na ndiyo iliyonifanya nikae. Nairobi inaweza kumpokea mgeni kwa ubaridi: unatoka kipindi, unaenda kazini, unarudi chumbani, na wiki inapita hujaitwa kwa jina. Bendi inakupa watu wanaojua kama umefika. Inakukutanisha na mwanafunzi wa uhandisi, wa ualimu, wa sheria, ambao usingekutana nao kwenye darasa lako. Na kwa ajabu yake inaweza kukusaidia kusoma, kwa sababu mtu asiye na jioni mbili hachezi na mchana wake. Saa ile kati ya vipindi viwili, ambayo wenzako wanaimalizia kwenye nyasi, wewe uko maktaba. Sisemi hutokea kwa wote. Hutokea kwa mwenye kazi yenye saa zinazojulikana.

Basi ukienda kuonana nao, waulize kabla hawajakuuliza. Mazoezi ni siku gani, na nani huzibadilisha? Wiki ya majaribio mnafanyaje? Pesa ya shoo hushikwa na nani? Aliyekuwa akipiga besi kabla yangu aliondoka kwa nini? Swali hilo la mwisho likiwafanya watazamane, umepata jibu. Kisha waambie saa zako za kazi waziwazi, uombe kuja kama mgeni mpaka majaribio ya kwanza yapite, ndipo mzungumze upya. Bendi inayokataa sharti hilo itakataa na mengine.

Na waambie tangu mwanzo kuhusu mafunzo ya nje. Likizo ndefu ya mwaka wa tatu, wengi hupelekwa kazini miezi mitatu, pengine Nakuru au Mombasa, na hapo ndipo bendi nyingi za chuo huvunjika, kwa sababu kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mtafute mtu wa mwaka wa kwanza muhula mmoja kabla hujaondoka, akae karibu nawe kwenye mazoezi, mpe orodha ya nyimbo pamoja na ufunguo wa sauti wa kila wimbo, na shoo mbili za mwisho mwache apige nusu yake.