Maswali Yenu ya Ufundi: Antena Inayokatika Kila Jioni

SWALI: Mimi ni fundi katika kampuni ndogo inayowaunganishia wateja intaneti kwa antena za paani. Yuko mteja mmoja ambaye kwa wiki sita sasa analalamika kwamba mtandao wake unakatika karibu kila siku, kuanzia alasiri hadi usiku. Kutoka paa lake hadi mnara ni kilomita 5, na redio zetu zinatumia masafa ya gigahezi 5.8. Kila ninapofika kwake asubuhi nakuta ishara ni desibeli hasi 63, kasi ni nzuri na hakuna kinachokatika. Nimekwisha kubadilisha redio mara mbili na ruta mara moja, na sasa mwenye kampuni ananiuliza nitabadilisha nini tena. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu fundi, anza kwa kubadilisha saa ya kwenda. Umekuwa ukimwona mgonjwa asubuhi, homa ikiwa imeshashuka, kisha unampa dawa kwa kukisia. Hitilafu ya vipindi hukamatwa na fundi aliyepo inapotokea, au na kifaa kilichoachwa pale kuiandika wakati fundi hayupo.

Kabla hata ya kuegemeza ngazi, mwombe mteja afafanue neno “kukatika”, kwa sababu watu hulitumia kwa mambo matatu tofauti: mtandao kuwa mzito, mtandao kutoweka kabisa, na simu kupoteza Wai-Fai ingawa ruta bado ina intaneti. Mpe karatasi aandike kwa siku tatu saa na dakika ya kila tukio, pamoja na taa zilizokuwa zikiwaka kwenye ruta na kwenye adapta inayopeleka umeme paani. Karatasi hiyo ina faida kuliko redio ya tatu.

Kisha soma namba mbili ambazo mafundi wengi huzipita wakikimbilia kutazama nguvu ya ishara. Ndani ya ukurasa wa redio yenyewe utaona muda uliopita tangu iwashwe, na muda uliopita tangu ishike mnara. Tuseme mtandao ulikatika saa 11:20 jioni, nawe unafungua ukurasa huo saa 12:00. Redio ikionyesha kwamba imewashwa dakika 39 zilizopita, ilhali ruta haijazimika kwa siku tisa, basi usipoteze muda na mnara: redio ilizimika, na kinachozima redio kwa kawaida ni umeme au kebo. (Hakikisha tu kwamba haikuwekewa mpangilio wa kujiwasha upya kila inapokosa jibu la pingi, yaani ujumbe mfupi unaotumwa kwa kifaa kingine kuona kama kitajibu; mpangilio huo umewahangaisha mafundi wengi, nami nikiwemo.) Redio ikiwa haijazimika kwa siku nyingi, lakini imeshika mnara kwa dakika 39 tu, kosa liko angani kati ya antena mbili, au mnara wenyewe ulizimika, jambo ambalo majirani wa mteja wanaotumia mnara huohuo watakuthibitishia. Namba zote mbili zikiwa ndefu, mnara haukuachiwa kabisa, na itabidi utafute kwa njia ya pili.

Njia hiyo ni kuigawa safari. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, usitumie Wai-Fai, kisha fungua madirisha manne ya amri ya pingi yanayoendelea bila kukoma: la kwanza kwa ruta, la pili kwa redio ya paani, la tatu kwa redio ya mnarani na la nne kwa anwani moja ya nje. Dirisha lililo karibu nawe zaidi kati ya yale yanayopoteza majibu ndilo linalokuonyesha kipande kibovu, maana yaliyo mbele yake yanapoteza kwa kulifuata tu. Ikiwa matatu ya kwanza yametulia na la nne limepanda kutoka milisekunde 20 hadi 400 kila jioni, mteja wako hana kosa lolote kwake. Njia iliyo nyuma ya mnara imejaa, na hilo ni la mwenye kampuni, si lako.

Kwa saa ulizozitaja, mimi ningeitilia shaka kebo kwanza. Alasiri paa limekwisha kuoka tangu asubuhi, na joto huongeza upinzani wa waya na kulegeza mguso wa plagi iliyobanwa vibaya. Uulize pia kebo hiyo ni ya namna gani. Kebo ya bei nafuu huwa ni ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupoteza volti nyingi zaidi kuliko shaba tupu, na redio inayolishwa kwa volti 24 haina akiba kubwa ya kupoteza katika mita 60 au 70 za waya. Kebo ya ndani iliyoachwa juani nayo hupasuka ganda baada ya muda. Tazama kasi ambayo redio na ruta zimekubaliana kwenye waya: ikiwa zilikuwa zikizungumza kwa gigabiti 1 kwa sekunde na sasa ziko kwenye megabiti 100, huenda jozi moja ya nyaya imekufa, kwa sababu kasi ya kwanza inahitaji jozi zote nne na ya pili inahitaji mbili tu.

Niliwahi kuhangaika na mteja wa namna hii hadi nikakata plagi iliyokuwa ndani ya nyumba, mezani, karibu na adapta. Yalidondoka matone matatu ya maji. Mvua ilikuwa imeingia kwenye ufa wa ganda kule juu, ikateremka ndani ya kebo mita kadhaa, na pini za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani ambayo kutoka nje haikuonekana. Tangu siku hiyo siachi kebo iingie kwenye kifaa ikitokea juu moja kwa moja. Huikunja chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondokee hapo.

Kebo ikiwa salama, rudi angani. Hasi 63 ni ishara nzuri, lakini kusikia sauti kubwa si kusikia maneno. Asubuhi kelele za masafa hayo zikiwa hasi 95, una tofauti ya desibeli 32 na redio inakimbia. Jioni, majirani wanapowasha vifaa vyao na kelele zikapanda hadi hasi 80, tofauti inabaki 17, ilhali namba ya ishara haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo pima kelele jioni, na upime pande zote mbili, kwa kuwa kinachotumwa na mteja kinasikilizwa mnarani, na fundi anayepima paani peke yake hawezi kujua mnara unasikia nini. Kuhamia chaneli nyingine, au kupunguza upana wa chaneli kutoka megahezi 40 hadi 20, mara nyingi hutosha, ingawa kasi ya juu kabisa itapungua. Na ikiwa mtandao unapotea kwa takriban dakika moja kisha unarudi kwenye chaneli tofauti, shuku rada: katika nchi nyingi sehemu ya masafa ya gigahezi 5 hutumika pamoja na rada, na redio ikidhani imeisikia hulazimika kuhama na kusikiliza chaneli mpya kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kutuma tena.

SWALI: Mnara nauona kwa macho kutoka paani kwangu, juu kidogo ya vilele vya miti. Mbona fundi anasema njia haiko wazi?

JIBU: Kwa sababu jicho lako linahitaji mstari, na redio inahitaji mwili wa nafasi kuuzunguka mstari huo, ulionenepa katikati kama mhogo. Nafasi hiyo huitwa kwa jina la Fresnel, mwanafizikia wa Ufaransa. Kwa kilomita 5 na gigahezi 5.8, nusu-kipenyo chake katikati ya njia ni mita 8 hivi, na mafundi hutaka angalau asilimia 60 yake, yaani karibu mita 5, iwe wazi. Miti yako imo humo ndani, na kila mwaka inarefuka. Pandisha mlingoti, au hamishia antena upande mwingine wa paa.

SWALI: Je, mvua ndiyo inayokata intaneti yangu?

JIBU: Kwenye gigahezi 5, matone yenyewe hayana madhara makubwa, kwenye gigahezi 60 yana madhara, tena makubwa. Tazama tatizo linaisha lini. Likiisha pamoja na mvua na redio yako ni ya gigahezi 60, ni mvua. Likiendelea kwa saa kadhaa baada ya anga kutakata, kuna kitu kilicholowa ambacho hakijakauka: majani ya mti ulio njiani, au plagi ya kebo. Mwite fundi kabla hakijakauka.