Mpiga chapa amerudisha mswada wangu

SWALI: Nachapisha mwenyewe kitabu cha ufugaji wa nyuki, kurasa 200. Mpiga chapa amekirudisha: jalada halilingani na unene wa kitabu, na picha ni hafifu. Nirekebishe vipi? Faharasa (orodha ya maneno na namba za kurasa yalipo) niliyokwisha kuiandaa nayo ibaki?

JIBU: Unene wa mgongo, yaani ule upande kurasa zinapounganishwa, haukisiwi, unahesabiwa. Kurasa 200 ni karatasi 100. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo mgongo utafika kama milimita 10. Hata hivyo, muulize mpiga chapa kipimo cha karatasi yake, maana zenye gramu sawa hutofautiana unene. Rangi ya jalada ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3. Bila hivyo, kisu kikiyumba kidogo tu utabaki na ukingo mweupe.

Picha zinataka nukta 300 kwa inchi, kwa ukubwa ule zitakaochapishwa nao. Yenye upana wa pikseli (yaani nukta) 1,200 inatosha inchi 4 tu, yaani sentimita 10. Kuikuza kwa programu hakusaidii, kwani kompyuta hubuni nukta ambazo kamera haikuziona. Tafuta picha za awali, si zile zilizotumwa kwa WhatsApp.

Faharasa, pole, inarudiwa. Aya moja ikiongezwa, namba za kurasa zinazofuata husogea, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa baada ya prufu (nakala ya majaribio) kusahihishwa. Orodha ya maneno itunze, utabadilisha namba tu. Na kwa kuwa faharasa nayo inakula kurasa, hesabu ya mgongo ifanye baada yake.