Maswali ya wakusanyaji wa Lubumbashi: Eagle ya kijani, plastiki ya manjano na sahihi za mashaka

Barua za safari hii zimetoka Kamalondo, Katuba, Ruashi, Bel-Air, Kipushi na komini ya Kenya. Zote zinahusu vitu vya kumbukumbu vya tamthilia za kale za bunilizi za kisayansi: midoli, vigari, picha, kadi. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha marefu pale yanapohitaji urefu.

Nimeletewa kutoka Ubelgiji kidoli cha Eagle cha kampuni ya Dinky, chombo cha anga cha tamthilia ya Cosmos 1999. Ni cha kijani, na kwenye televisheni Eagle ilikuwa nyeupe. Nimepigwa? — Papa wa Kamalondo

Hujapigwa, papa. Miaka ya 1970 Dinky ilitoa Eagle mbili: namba 359, ya kubeba watu, ikiwa na kijani cha metali na nyeupe, na namba 360, ya mizigo, ikiwa na bluu na nyeupe. Kiwanda kilichagua rangi za kuvutia watoto dukani, hakikujali skrini. Iliyopoteza thamani ni ile ambayo mtu ameipaka nyeupe ili ifanane na ya kwenye televisheni.

Kosa la kiwandani mara nyingi ni cheti kizuri kuliko karatasi ya muuzaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Dapol ilitoa midoli ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza: mbwa wa roboti K9 alitoka wa kijani ilhali kwenye tamthilia ni wa kijivu, Davros, yule mwovu, alipewa mikono miwili ilhali anao mmoja, na meza ya mitambo ya TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria wakati, ilikuwa na pande tano badala ya sita. Ukikuta K9 wa kijivu anauzwa kama toleo lile la kwanza la kijani, uliza maswali.

Kwenye Eagle yako angalia zaidi vipande vya plastiki. Vikivunjika, watu huweka vya kuigiza. Chuma kikiwa na mikwaruzo ya miaka 50 na plastiki iking'aa kama ya jana, muuzaji alipaswa kukwambia.

Kigari changu cha chuma kinatoa unga mweupe na rangi inafanya mapovu. Nimepaka ndimu, imezidi. — Kipushi

Acha ndimu leo hii. Vigari hivi havikutengenezwa kwa chuma cha kawaida bali kwa aloi ya zinki yenye takriban asilimia 4 ya aluminiamu, na ninyi wa Kipushi zinki mnaijua tangu ikiwa bado mawe. Asidi ya ndimu au siki inaila moja kwa moja.

Kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni kutu nyeupe ya juu juu, inayoletwa na unyevu ulioingia chini ya rangi. Hili linatibika. La pili ni kuoza kwa ndani: zinki iliyochafuliwa kiwandani na risasi au bati kidogo tu hupasuka kati ya chembe zake, na joto na unyevu huharakisha kazi. Hili halina dawa. Kulitambua si kazi: ufa unapita chuma chenyewe, si rangi tu, mwili unavimba na kupinda hadi milango haifungi, na palipovunjika panaonekana chembechembe za kijivu kama sukari. Vigari vya kabla ya miaka ya 1950 ndivyo huugua hivyo zaidi. Cha miaka ya 1970, uwezekano mkubwa ni ugonjwa wa kwanza.

Tiba: maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini. Usiloweke. Palipo na stika usiguse kwa maji, tumia kotoni yenye unyevu kuzunguka kingo zake. Toa unga mweupe kwa kijiti cha meno cha mbao, siyo sindano. Kausha kwa kitambaa, kisha kwa feni au mashine ya nywele iliyowekwa hewa baridi, dakika 15, mpaka ndani ya magurudumu pakauke. Malizia kwa nta safi isiyo na silikoni, safu nyembamba sana. Mapovu ya rangi yaache yalivyo. Ukiyapasua na kupaka upya, umebakiwa na kigari kilichopakwa upya, na hicho mkusanyaji hakitaki.

Plastiki nyeupe imekuwa manjano kama meno ya mvutaji. Inarudi? — Mdogo wenu wa Katuba

Inarudi, lakini soma mpaka mwisho kabla ya kwenda saluni.

Manjano hayo si uchafu. Mwanga na hewa vimebadilisha plastiki yenyewe, hasa ile ngumu ya ABS, kwa hiyo sabuni haisaidii. Kinachosaidia ni peroksidi ya hidrojeni pamoja na mwanga wa jua. Nunua krimu ya kuchanganyia rangi ya nywele iliyoandikwa volyumu 40, yaani asilimia 12. Ya volyumu 20 ni asilimia 6, inafanya kazi polepole. Chukua krimu, si ya maji, kwa sababu ya maji inatiririka na kuacha michirizi.

Fungua skrubu zote, toa betri, nyaya na springi. Sehemu yenye rangi iliyopakwa au stika haiingii katika kazi hii, itachujuka. Osha, kausha. Vaa glavu na miwani, maana krimu hiyo inaunguza ngozi. Paka safu nene, sawasawa, kisha funga kwa nailoni angavu ya kufunikia chakula na ukamue hewa yote. Weka juani asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Kila dakika 30 geuza na usugue krimu kwa vidole juu ya nailoni isikauke mahali pamoja. Jua letu la saa sita lina joto mno: plastiki nyembamba inapinda, na krimu inakauka kwa madoa. Suuza, tazama, rudia kesho yake kama bado.

Linaloharibika mara nyingi ni hilo la kukauka. Pale krimu ilipokauka panabaki alama za mawingu meupe ambazo hazitoki tena. Na ukizidisha mizunguko, plastiki inakuwa na chaki na kukatika. Tena manjano hurudi baada ya muda, kitu kikikaa kwenye mwanga. Sisi hatupendekezi kazi hii kwa kitu adimu. Kifanyie kile ambacho kikiharibika hutakosa usingizi.

Dalek inayosema (adui wa Doctor Who), ya kampuni ya Palitoy, imenyamaza. Ndani ya sehemu ya betri kuna vitu vya kijani na vyeupe. — Bel-Air

Hiyo ya 1975 inasema kwa sahani ndogo ya santuri iliyo ndani yake, inayozungushwa na mota, kwa hiyo usiimwagie kitu chochote. Betri ilivuja. Kwanza jua ni betri gani. Ya alkalini huvuja alkali: futa kwa kotoni yenye tone la siki. Zile za bei ndogo za zinki na kaboni huvuja asidi: tumia bikaboneti ya jikoni iliyochanganywa na maji, kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitatu. Kama hujui, jaribu tone la siki. Likitoa povu, ni alkali. Siki iguse vibati vya betri tu, na baadaye pangusa kwa spiriti. Sugua vibati kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae. Kikibaki kimya, mara nyingi tatizo ni mkanda wa mpira wa mota, ambao baada ya miaka hii yote umelegea au umeyeyuka. Upime mkanda huo kabla ya kutafuta mwingine: mkanda mrefu mno hauzungushi, mfupi mno unaichosha mota.

Mdoli wa Spock wa Star Trek, wa kampuni ya Mego: muuzaji anasema ni wa 1974, mgongoni kumeandikwa MCMLXXI. Anadanganya? — Kenya

(Kenya komini, si nchi.) Hadanganyi. MCMLXXI ni 1971, mwaka wa haki za umbo la mwili ambao Mego ilitumia kwa midoli mingi, kichwa na nguo ndivyo vilivyobadilika. Tarehe iliyochongwa inakwambia tu kwamba kitu si cha kabla ya hapo. Jihadhari zaidi na vifaa vya mkononi na mkanda: vya kuigiza vimejaa sokoni. Viungo vikilegea, ni mpira wa ndani umechoka, na hilo kwa umri wake ni jambo la kawaida.

Nauziwa picha yenye sahihi ya William Hartnell, Daktari wa kwanza wa Doctor Who, pamoja na cheti cha uhalisi. Nitajuaje? — Yaya wa Katuba

Cheti kiweke kando, yaya. Karatasi ya uhalisi yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaitoa.

Anza na picha, si sahihi. Hartnell alifariki tarehe 23 Aprili 1975. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 uangalie uso wa picha. Picha ya maabara ya zamani ina vivuli laini visivyo na vitone. Ukiona vitone vya rangi vya mashine ya kompyuta, basi marehemu aliisaini baada ya kuzikwa. Kisha inamisha picha kwenye mwanga wa dirisha: wino halisi unakaa juu ya karatasi na unang'aa tofauti na picha. Sahihi iliyochapwa pamoja na picha iko sawa na uso wote, haina mwinuko.

Hatua ya tatu inamalizwa kwa simu. Tafuta mtandaoni sahihi nyingine za mtu huyo, ziweke moja juu ya nyingine kwa uwazi nusu. Mkono wa mtu haurudii sahihi ileile mara mbili. Zikilingana kabisa, ni mashine ya kusaini au ni nakala. Mashine hiyo pia huacha nukta nzito mwanzoni na mwishoni, na mstari wenye unene mmoja bila kasi. Mtego unaobaki ni sahihi ya katibu: wino ni halisi, mkono ni halisi, ila si wa mwigizaji. Nyota waliopokea barua nyingi walisaidiwa na makatibu, na hapo kinachosaidia ni kulinganisha na sahihi zilizowekwa mbele ya mashahidi, za miaka ileile.

Lampu ya violeti ambayo makambisti (wabadilisha fedha) hukagulia dola inafaa pia, hasa kwa maboksi. Kadibodi mpya mara nyingi inang'aa bluu-nyeupe, na gundi ya matengenezo inajitokeza. Haitoshi peke yake kuwa ushahidi.

Mtu ana kipande cha modeli ya Enterprise, chombo cha Star Trek, "iliyotumika studioni", dola 80. — Ruashi

Modeli ya Enterprise-D iliuzwa mnadani Christie's, New York, mwezi wa 10 mwaka 2006, kwa dola 576,000. Ile ya futi 11 ya tamthilia ya kwanza iko jumba la makumbusho la Smithsonian. Ile ndogo ya inchi 33, iliyopotea miongo mingi, ilionekana ikiuzwa mtandaoni 2023 na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa mwana wa Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek. Kwa dola 80 unapata modeli ya kuunganisha mwenyewe, ya kampuni ya AMT, iliyovunjika. Ukiipenda, mpe 10.

Viper, ndege ya vita ya tamthilia ya Battlestar Galactica, ya kampuni ya Mattel: yenye kombora linalofyatuka au lisilofyatuka? — Bel-Air tena

Linalofyatuka ndilo la mwanzo, 1978. Baada ya mtoto mmoja Marekani kufariki kwa kuvuta kombora hilo kooni, Mattel ililibadilisha lisiruke. La mwanzo ndilo linalotafutwa zaidi. Ukilipata, makombora yakae mbali na watoto, kwenye mfuko wao wenyewe wenye jina.

Nihifadhi wapi? Mvua ikija kila kitu kina ukungu, kiangazi vumbi jekundu. — Wengi

Si chini ya mabati wala juu ya plafoni: joto la mchana huko linalegeza gundi na plastiki laini. Si kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Chukua sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, lita 50, weka gramu 200 za silika geli (chembe zinazofyonza unyevu) ndani ya soksi safi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Mchele hausaidii, unaleta wadudu. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, imeshiba: ikaange kwenye sufuria kavu juu ya mbabula yenye makaa ya kufifia, ukikoroga, mpaka rangi irudi. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye bukari (ugali). Silika ya bluu tunaikataa, rangi yake ni ya kobalti, ni sumu.

Nguo na midoli ya mpira laini visigusane na sashe za PVC, ile plastiki inayonuka upya. Inatoa mafuta, na baada ya miaka kitu kinanata. Tumia polipropilini au poliesta. Vumbi la kiangazi liondoe kwa brashi ya rangi iliyo kavu na laini kabla ya kitambaa, maana chembe zake hukwaruza.

Namna ya kuleta kutoka Ulaya bila kupasuka? — Kamalondo

Mwombe muuzaji boksi ndani ya boksi, sentimita 5 za kujazia kila upande, betri zitolewe. Toa namba ya simu pamoja na anwani, maana mpeleka mizigo atakupigia. Ankara iandikwe bei ya kweli: ukiipunguza kukwepa duwani (forodha), bima italipa hiyohiyo ndogo. Hesabu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya ushuru kabla hujasema kitu ni rahisi.

Nina dola 50 tu. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Ruashi

Karatasi, mdogo wetu. Kadi za Star Trek za Topps za 1976 ni 88 na stika 22. Nunua moja moja zenye kona nzuri, si fungu zima lililopinda. Haziharibiki na betri, posta yake ni ndogo, na zikikaa kwenye mifuko ya polipropilini zinalala ndani ya kitabu kimoja.