Skana Ikipiga Kelele, Usikimbilie Kufuta

"Kijana wangu, hii tovuti si imeingiliwa na wezi?"

Ujumbe huo uliniamsha alfajiri, pamoja na skrinishoti ya ripoti ya skana (programu inayokagua usalama wa tovuti) iliyojaa nyekundu. Aliyeutuma ni mama anayeuza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga, na tovuti yake ya WordPress ilikuwa na siku tatu tu hewani. Nikamjibu, "Hapana Mama, naiangalia sasa hivi," kisha nikapanda matatu hadi Ngara moyo ukinidunda.

Wewe unayeanza kazi hii ya kutengeneza tovuti utaupata ujumbe kama huo, pengine kabla hujalipwa salio lako. Ndiyo maana nakusimulia nilivyovuruga mambo.

Plagini ya usalama ilikuwa imetaja faili tatu kwa nyekundu. version.php iliyo ndani ya wp-includes imebadilishwa. readme.html imebadilishwa. Na ndani ya wp-admin kuna faili isiyojulikana, error_log. Nikawaza: faili ikibadilishwa na mimi sikuigusa, basi ni mkono wa mwizi. Nikazifuta zote tatu. Papo hapo tovuti ikafa, ukurasa mweupe pe. WordPress huisoma version.php kila inapoamka, ukiiondoa, haiamki.

Kilichoniokoa ni bakapu niliyoitengeneza siku niliyomaliza kazi. Nilirudisha faili, halafu ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikapakua WordPress mpya ya toleo lile lile na kulinganisha version.php mbili mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa mstari mmoja, $wp_local_package = 'en_GB'. Yaani Kiingereza cha Uingereza, nilichokichagua kwa mkono wangu wakati wa kusakinisha, maana Mama hakutaka kuona "colour" imenyofolewa u yake. Plagini ilikuwa inalinganisha na nakala ya Kimarekani. Siku hizi, kabla sijagusa kitu, naipa WP-CLI (chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi) amri ya wp core verify-checksums --locale=en_GB, inayolinganisha faili zangu na za asili, na mara nyingi nusu ya kelele huisha hapo.

error_log ilinitoa jasho zaidi. Ni faili ambamo PHP, lugha inayoiendesha WordPress, huandika malalamiko yake, lakini mstari wa kwanza ulikuwa wa 06:12, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili alfajiri, nami saa hiyo nilikuwa bado kitandani. Nani alikuwa ndani ya wp-admin? Nilipoteza karibu saa nzima nikimsaka huyo mtu. Alikuwa mimi. Seva huandika saa za UTC, saa ya kimataifa, na Nairobi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, nikiwa ofisini napandisha picha za shokamzoba. (Sisi tuna saa yetu ya Kiswahili, seva ina yake, ziandike zote mbili kwenye karatasi kabla hujamshuku mtu.) Hata hivyo usiiache faili hiyo ikisomeka na kila mpita njia, kwa sababu hufichua njia za folda zako. Rekebisha kosa linaloijaza, kisha izuie.

Maonyo ya heda (maelekezo ambayo seva hutuma kwa kivinjari pamoja na ukurasa), kama X-Content-Type-Options, hayachukui dakika tano. Ila HSTS, heda inayokilazimisha kivinjari kutumia HTTPS tu, iwekee tahadhari: usinakili tu ile max-age ya 31536000 pamoja na includeSubDomains. Hizo ni sekunde za mwaka mzima, na kama kuna kidomeni kimoja (tovuti ndogo chini ya jina lako) ambacho hakina cheti cha HTTPS, wageni wake watafungiwa mlango hadi ukiwekee cheti. Anza na 300, uone kama kuna kinacholia.

Sasa, ile bakapu niliyojisifia hapo juu ilikuwa imekaa wapi? Ndani ya public_html, folda ambayo yeyote mtandaoni anaweza kuifikia, faili ya zip, wazi kabisa. Ndani yake mlikuwa na wp-config.php, na ndani ya wp-config.php mna nywila ya hifadhidata. Skana ya nje haikuitaja hata kidogo, kwa sababu hubahatisha majina ya kawaida kama backup.zip, na mimi nilikuwa nimeiita kwa jina la duka na tarehe. Ripoti nzima ilikuwa nyekundu kwa mambo ya bure, na shimo lenyewe halikuwa na hata alama ya manjano.

Niliihamisha zip nje ya public_html, nikabadilisha nywila kwenye hifadhidata na kwenye wp-config.php, nikaweka chumvi mpya (funguo za siri zilizo ndani ya wp-config.php) ili kila aliyelogi atolewe. Kisha nikasoma logi ya maombi tangu siku ya kwanza: hakuna aliyeipakua. Hatua hiyo usiiruke. Kama ningekuta anwani nisiyoijua, na data za wateja wa Mama zingekuwa humo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 humpa anayesimamia data za watu saa 72 tu tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, na ningelazimika kumweleza Mama jambo hilo uso kwa uso dukani.

Jioni nikamtumia ripoti mpya. Akapiga simu. "Na hii moja ya manjano mbona umeniachia?"

Ilikuwa inasema Apache 2.4.52, programu ya seva inayotuma kurasa kwa wageni, ni ya zamani. Nikamweleza kwamba seva inatumia mfumo wa Ubuntu 22.04, na Ubuntu huziba matundu ya Apache bila kubadilisha namba hiyo. Skana husoma namba tu, haioni viraka. Kimya kidogo.

"Kama gari la zamani lenye injini iliyofanyiwa overoli?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi iache. Lakini niandikie hivyo kwenye karatasi, mpwa wangu ataniuliza."