Kwa wewe uliyekabidhiwa pikipiki ya porini wiki hii

Mimi si fundi wa pikipiki. Kazi yangu ni pampu za maji vijijini, na kwa miaka kumi na mitatu nimezunguka bonde la Kilombero, Ifakara hadi Mngeta hadi Mlimba, juu ya pikipiki za kazi. Tatu kwa jumla. Ya kwanza niliiua mwenyewe, nikiwa na nia njema kabisa na ndoo ya maji ya sabuni mkononi. Nakuandikia ili ya kwako isife kwa kosa lile. Makosa mengine utayafanya bila msaada wangu.

Nazungumzia zile ndefu, za tairi la mbele la inchi 21 na shokapu zenye mwendo mrefu: Honda XL na XR, Yamaha XTZ, pamoja na za Kichina zinazozifuata sura. Zinaenda lami asubuhi, mchana zinaingia matutani mwa mpunga. Kitabu chake kitakuambia ufanye sevisi kila baada ya kilomita fulani. Kisome, kitunze, usimwazime mtu. Ila kumbuka kwamba kilomita mia tatu za lami na kilomita mia tatu nyuma ya lori la mpunga mwezi wa Septemba ni vitu viwili tofauti. Nyuma ya lori injini inakula vumbi saa zote. Kwa hiyo siku hizi tarehe ya sevisi naipata kwa kufungua eakilina, kile kichujio cha hewa ya injini, dashibodi naiangalia baadaye.

Nyingi ya pikipiki hizi zina eakilina ya sponji. Itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ukiikamua kati ya viganja viwili. Usiisokote kama nguo, itachanika kwenye maungio. Halafu sabuni ya unga na maji, suuza, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Petroli usiiguse: inayeyusha gundi, na mvuke wake unahitaji cheche moja tu. Mpaka hapo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba sponji kavu haizuii vumbi laini. Kinachonasa vumbi ni oili. Mimina oili safi ya injini au ya gia, kanda kama unga wa chapati mpaka rangi ilingane kila upande, kisha kamua ile ya ziada isidondoke.

Mimi nilikuwa naiosha vizuri sana, naianika, nairudisha kavu. Safi kama soksi za shule. Juu ya hapo, ukingo wake haukukaa sawa upande mmoja, uwazi mwembamba kama ukucha. Baada ya miezi mitano pikipiki ikaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, kilima kidogo tu inaomba gia ya kwanza. Nikaipeleka kwa fundi. Kabla hajashika spana akachomoa mpira unaotoka kwenye eakilina kwenda kwenye kabureta, akapitisha kidole ndani, akaninyooshea. Kidole kilikuwa cha kahawia kama kimechovywa kwenye mdalasini. Hakusema neno. Alipofungua silinda tulikuta mistari imechorwa kutoka juu mpaka chini, unaihisi kwa ukucha, na ringi za pistoni zimekwisha.

Tangu siku hiyo napaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa sponji inapokalia, na kabla ya kufunga boksi napitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira ule. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, na sifungi mpaka nipaone. Wakati wa kiangazi nafanya hivi kila Jumamosi. Masika naangalia zaidi maji yaliyoingia kwenye boksi.

Oili ya injini. Injini nyingi ndogo za Honda za aina hii hazina filta ya karatasi. Zina wavu chini na kikombe kinachozunguka, basi. Uchafu mwingi unabaki ndani ya oili yenyewe, na oili ni kama lita moja tu. Ndiyo maana inabadilishwa mapema. Nunua iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za viwango vya Kijapani. Hiyo ni oili ya pikipiki ambayo klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano: utasikia injini inapanda sauti na pikipiki haiendi. Jirani atakuambia anaweka ya gari miaka yote na hajawahi kupata shida. Mwache na bahati yake.

Mwaga oili injini ikiwa na joto, kisha rudisha bolti ya kumwagia kwa mkono kwanza, mizunguko mitatu minne, ndipo ushike spana. Hapa nina aibu yangu nyingine. Niliona jasho la oili chini ya ile bolti, nikaamua kuikaza kwa mguu. Nikakanyaga spana, ikakaza, ikakaza, halafu ghafla ikawa laini, kama kijiko kwenye uji. Uzi wa aluminiamu umetoka wote. Nilikaa siku nne bila usafiri hadi lilipochongwa tundu kubwa zaidi na kuwekwa bushi. Tatizo lilikuwa washa kuukuu tu, ile pete ya chini ya bolti. Siku hizi naishika spana karibu na kichwa chake, si mwishoni, ili mkono wenyewe usiwe na nguvu ya kuharibu.

Cheni sasa, na hapa pikipiki ya porini inatofautiana na bodaboda. Kwa kuwa shokapu ya nyuma inasafiri sana, cheni inakaza na kulegea kila unaporuka shimo. Ukiiweka nzuri machoni, yaani iliyonyooka bila kuning'inia, ukikaa juu yake na mzigo itavuta shafti ya sproketi ndogo mpaka beringi ilie na sili ianze kuvuja. Mkalishe mtu, au wawili, mpaka ekseli ya nyuma, bolti ya mkono wa gurudumu na sproketi ya mbele vilingane mstari mmoja. Hapo ndipo cheni imekaza kuliko pote. Bado inatakiwa icheze kidogo kwa kidole. Wakishuka utaiona inaning'inia kuliko ulivyozoea, na wapita njia watakukosoa. Zungusha gurudumu kwanza utafute sehemu inayokaza zaidi, maana cheni haichakai sawasawa, na upimie hapo.

Kibanio cha kiungo cha cheni kielekeze upande uliofungwa mbele, kule cheni inakokwenda. Kikigeuzwa, kijiti kimoja njiani kinatosha kukichomoa. Kuhusu oili chafu ya injini ambayo sote tunaipaka, inasaidia siku ya kwanza, siku ya pili imeshika mchanga na inasaga meno. Nzito ya gia, namba 90, ipake kidogo upande wa ndani jioni ukifika, cheni ingali na joto, kisha pangusa.

Kurekebisha tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, ndiyo kazi inayowatisha wageni, wakati ni kazi ya saa moja ya utulivu. Ifanye asubuhi, injini imelala usiku kucha, kwa sababu namba za kitabu ni za injini baridi. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Fungua vifuniko vya tapeti na vile viwili vya pembeni, zungusha mpaka alama ya T ikae kwenye mkato wake. Shika roka zote mbili, ile mikono midogo inayosukuma valvu: zikicheza kidogo uko sahihi, moja ikiwa imekaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Kisha ingiza filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Injini hizi ndogo namba zake ni vijisehemu vya milimita, 0.08 kwa mfano, lakini fuata ya kitabu chako, na uangalie kama valvu ya kuingizia na ya kutolea zina namba tofauti. Bati la kipimo linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyochomoa noti iliyobanwa ndani ya daftari. Ukikaza nati, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka nayo. Mimi mara ya kwanza nilipima mara sita.

Watu wengi huja na tapeti kwa sababu inagonga. Inayogonga inakupa muda. Iliyokaza haitoi sauti yoyote, inaonekana imetulia vizuri, huku valvu ya moshi haifungi sawasawa na inaungua polepole. Ukiona asubuhi pikipiki inakataa kuwaka na ikipata moto inaenda vizuri, pima tapeti kabla hujanunua plagi ya tatu.

Mto. Ikizima ndani ya maji usiguse stata wala kiki. Isukume mpaka nchi kavu, toa plagi, ndipo upige kiki maji yatoke kwenye tundu lake. Pistoni haiwezi kubana maji; kitakachopinda ni chuma cha ndani. Mwaga bakuli la kabureta, kamua sponji. Angalia oili kwenye kijiti chake: ikiwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, hiyo si ya kurudi nayo nyumbani. Nabeba lita moja chini ya kiti kuanzia Machi hadi Mei kwa sababu hiyo tu.

Matairi hayana siri kubwa. Kabla ya kurudisha mpira wa ndani, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mwiba wa mgunga uliobaki utakishika kabla haujashika kidole chako. Nati ile ndogo ya mpini wa valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu karibu na kofia. Tairi likiteleza juu ya rimu mpini utalala upande, utauona, utarekebisha. Ukiikaza, mpini unakatika kimya kimya kwenye shina. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo: zilizo sawa zinalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya mti. Kaza robo mzunguko, usizidishe.

Na kuosha: pampu za nguvu pale wanapooshea bodaboda usiruhusu zielekezwe kwenye beringi za magurudumu wala mdomo wa eakilina. Maji yanasukuma grisi nje, wiki mbili baadaye gurudumu linalia. Ndoo na brashi vinatosha, tena ukiosha kwa mkono ndipo unapoona bolti iliyopotea.

Kuna kazi ambazo sizifanyi nyumbani: sili za shokapu za mbele, klachi zaidi ya kurekebisha waya, na chochote kinachohitaji kupasua injini. Hizo nampelekea fundi, lakini sikai kwenye kibanda cha chai nikisubiri niitwe. Nakaa kwenye kigoda karibu yake, nashika tochi, nauliza kidogo na kunyamaza zaidi. Spea kuukuu namwomba anipe, hata kama ni chakavu. Nina kopo la ringi, beringi na pedi za breki uvunguni, na kijana mpya akiripoti kazini namwagia kwenye gazeti achague kipi kimekufa kwa vumbi na kipi kwa maji. Wa mwezi uliopita alipata tano kati ya nane.